Sifuri Iitwayo Mapenzi: Asili ya Maneno na Amana ya Mwalimu

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa lugha humwuliza mwalimu wake, hakuna lipendwalo zaidi, wala litegalo zaidi, kuliko hili: "Neno hili limetoka wapi?" Mwalimu akilijibu vizuri, darasa zima huchangamka. Akikosa jibu, huona kana kwamba heshima yake imepunguka. Ndiyo sababu sisi walimu wa lugha tumejaza vibindoni mwetu hadithi fupi fupi za asili ya maneno: nyingine za kweli, nyingine za kubuni, na nyingi zaidi ambazo tulizipokea kwa wakubwa wetu bila ya kuzikagua.

Katika makala haya nakusudia kuuliza swali la maadili mintarafu ya hadithi hizo. Je, mwalimu ana ruhusa ya kumpa mwanafunzi asili ya neno ambayo ni tamu na rahisi kukumbukwa, lakini haina ushahidi? Ili tusibishane hewani, nimechagua mfano mmoja ulio mbali na mabishano yetu ya kila siku, nao ni maneno yatumikayo kuhesabu pointi katika mchezo wa tenisi. Mfano huu una faida ya kuwa hauna ndugu wala jirani wa kuumizwa nao; tukisha kuuelewa, tutaweza kuutazama mwingine ulio mzito zaidi.

Kwa faida ya msomaji asiyeufahamu mchezo huu, yafaa tueleze hesabu yake kwa ufupi. Mchezaji apatapo pointi ya kwanza haambiwi kwamba ana moja, bali ana 15. Pointi ya pili humfikisha 30. Ya tatu mtu angetazamia imfikishe 45, lakini hutajwa 40. Asiye na pointi yo yote, Waingereza humtaja kwa neno "love", ambalo katika mazungumzo yao ya kila siku maana yake ni mapenzi. Wachezaji wote wawili wakifika 40, hutajwa neno "deuce", na kuanzia hapo hapana ashindaye gemu mpaka amtangulie mwenzake kwa pointi mbili. Apataye ya kwanza kati ya hizo mbili husemwa kuwa na "advantage", yaani amepata nafasi bora. Gemu zikikusanyika hufanya seti, na seti hufanya mechi. Mtu anaweza kucheza hivyo maisha yake yote, akashinda na kushindwa, asijue hata siku moja kwa nini pointi moja iitwe 15.

Yaliyothibitika

Tuanze na yale ambayo wataalamu wameyakubali. Mchezo huu ulikuzwa Ufaransa katika Zama za Kati, nao ulichezwa kwa kuupiga mpira kwa kiganja cha mkono. Ndiyo maana Wafaransa waliuita mchezo wa kiganja. Jina "tenisi" lenyewe latokana na kitenzi cha Kifaransa "tenez", yaani shikeni au pokeeni, tamko la mchezaji kumwonya mwenzake kabla ya kuupiga mpira. Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, ambao wengi wao walisomeshwa kwa Kifaransa, hawatapata tabu kulitambua neno hilo. Hali kadhalika "deuce" latokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mbili, kwa kuwa zimebaki pointi mbili za kumaliza gemu. Lakini tazama mzaha wa historia: Waingereza wamelihifadhi neno hilo la Kifaransa mpaka leo, ilhali Wafaransa wenyewe wameliacha, nao husema "égalité", yaani usawa.

Lipo pia neno "let", litamkwalo wakati mpira wa kuanzia ugusapo wavu kisha ukaanguka mahali panaporuhusiwa, hata ikabidi upigwe upya. Mwanafunzi wa Kiingereza hudhani kwamba neno hilo ni lile lenye maana ya kuruhusu. Kinyume chake, hilo ni neno jingine la kale lenye maana ya kuzuia. Maneno mawili yaliyokuwa mbali yamekutana kwa sauti, moja lafungua mlango na jingine laufunga, na kwa sikio la leo hayatofautiani. Hapo kuna onyo la kutosha kwa kila mwenye kusema kwamba maneno yakifanana kwa sauti basi lazima yawe ndugu.

Kuhusu namba zenyewe, hesabu ya 15, 30 na 45 ni ya kale sana. Ilikuwapo katika karne ya 15, na mazungumzo ya Kilatini yaliyotungwa na Erasmus mwanzoni mwa karne ya 16 yataja 30 na 45 katika mchezo wa mpira. Baadaye 45 ilifupishwa ikawa 40, pengine kwa wepesi wa ulimi. Mwaka 1555 Mtaliano Antonio Scaino alitoa kitabu kizima juu ya michezo ya mpira, na ndani yake alijaribu kueleza kwa nini pointi zihesabiwe kwa 15. Mwaka 1579 Mfaransa Jean Gosselin naye alishughulika na shaka hiyo hiyo, akafikiria digrii 60 zilizo katika sehemu ya sita ya duara, ambazo ni 15 mara nne. Basi zingatia, ndugu msomaji: zaidi ya miaka 400 iliyopita, watu waliocheza mchezo huu kila siku walikuwa tayari wamekwisha kusahau sababu ya hesabu yao. Desturi ilibaki, maelezo yakapotea.

Saa na yai

Penye pengo la namna hiyo, hadithi haikawii kuingia. Iliyoenea zaidi ni ile ya saa ya ukutani. Husimuliwa kwamba zamani pointi zilionyeshwa kwa mshale wa saa: pointi ya kwanza mshale ulipelekwa kwenye dakika 15, ya pili kwenye 30, ya tatu kwenye 45, na ya nne ukarudi juu, gemu ikaisha. Mswahili akiisikia hadithi hii huiamini mara moja, maana lugha yake imemwandalia maneno: robo, nusu, kasorobo. Yote yapatana kama ufunguo na kufuli.

Walakini tarehe hazikubali. Saa za mitambo za karne ya 15 kwa kawaida zilikuwa na mshale mmoja tu, wa kuonyesha saa. Mshale wa dakika haukuenea mpaka baada ya Christiaan Huygens, Mholanzi, kutengeneza saa ya timazi mwaka 1656. Ni vigumu watu kuhesabu pointi zao kwa mshale ambao wajukuu wa wajukuu wao ndio waliokuja kuuona. Mtaalamu wa Kijerumani Heiner Gillmeister ametoa rai nyingine, kwamba 15 yatokana na dau la fedha, kwa kuwa palikuwa na sarafu ya Ufaransa iliyokuwa na thamani ya sarafu ndogo 15, na mchezo ulichezwa kwa kuwekeana fedha. Rai hiyo haina utamu wa saa ya ukutani, lakini angalau yaafikiana na wakati wake.

Hadithi ya pili ni ya yai. Husemwa kwamba "love" ni matamshi mabovu ya Kiingereza ya neno la Kifaransa "l'œuf", yaani yai, kwa sababu sifuri ina umbo la yai. Hadithi hii nayo ina kila kipambo: umbo, sauti, na kichekesho cha Mwingereza ashindwaye kutamka Kifaransa. Tena yapata msaada kutoka mchezo wa kriketi, ambamo mpigaji aliyetoka bila ya kupata kitu husemwa amepata bata, kwa kifupi cha yai la bata. Lakini ushahidi mmoja haupatikani, nao ndio wa lazima: kwamba Wafaransa waliwahi kuita sifuri ya tenisi yai. Wao husema "zéro", na zamani walisema "rien", yaani si kitu. Mtu hawezi kuazima kwa jirani chungu ambacho jirani hakuwa nacho.

Maelezo yenye uzito zaidi ni mepesi kuliko hayo. Tangu karne ya 17 Waingereza walikuwa na usemi wa kucheza kwa mapenzi, maana yake kucheza pasipo dau, kwa kuupenda mchezo tu. Asiyecheza kwa fedha hana alitumainialo mkononi. Hivyo mapenzi yakawa jina la kutokuwa na kitu. Mwaka 1742 Edmond Hoyle, katika kitabu chake cha mchezo wa karata, alilitumia neno hilo kwa maana ya sifuri, kabla tenisi ya majani haijazaliwa. Wapo wasemao kwamba asili yake ni neno la Kiholanzi "lof", lenye maana ya sifa au heshima. Fikira ni ile ile, kwamba mtu alicheza kwa heshima si kwa fedha. Shauri halijakatwa, lakini mizani imeelemea upande wa mapenzi, si upande wa yai.

Mtego wetu wenyewe

Ni rahisi kuwacheka Wazungu na yai lao. Natujaribu basi kujipima kwa mtego uliotegwa kwa ajili yetu. Neno "raketi", kifaa cha kupigia mpira, limepitia Kifaransa. Kamusi nyingi za Ulaya zalirudisha kwenye neno la Kiarabu "rāḥa", kiganja cha mkono. Sasa, katika Kiarabu neno lenye umbo hilo hilo lina maana pia ya pumziko, na kutoka huko Kiswahili kimepata neno letu "raha". Ni mwalimu gani wa Kiswahili ambaye hatapenda kuliambia darasa kwamba raketi na raha ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba kila mcheza tenisi ashika raha mkononi?

Nami nakiri kwamba ladha yake ni nzuri. Lakini wapo wataalamu wengine waikataao asili hiyo ya Kiarabu, nao hulitafutia neno hilo mzizi katika Kilatini au katika lugha za Waflemi, kwenye maana ya kuurudisha mpira. Kwa hiyo mwalimu mwaminifu aweza kuieleza habari hii, tena kwa furaha, mradi aongeze sentensi moja: "Jambo hili lina mabishano." Sentensi hiyo ni fupi, haichukui pumzi mbili, walakini ndiyo itenganishayo ualimu na upigaji soga.

Tena si lazima tungoje hadithi kutoka Ulaya. Twaweza kuzitunga wenyewe hapa hapa. Tuseme mtu angeuliza kwa nini hesabu yakomea 40. Mswahili mwenye ulimi mwepesi angejibu: "Hujui kwamba siku za mwizi ni arobaini? Mwenye 40 amekwisha kumkaribia mwizi. Pigo moja tu na amkamate." Angetikisa kichwa, na wasikilizaji wangetikisa vyao. Nimeibuni hadithi hiyo sasa hivi, mbele ya macho ya msomaji, wala haina ukweli hata chembe. Lakini nina hakika ikisomwa darasani bila ya onyo, baada ya miaka kumi yupo atakayeisimulia kama jambo alilofundishwa shuleni.

Hoja za watetezi

Watetezi wa hadithi tamu wana hoja mbili ambazo hatuna budi kuzipa haki yake. Hoja ya kwanza ni ya ufundishaji. Wasema kwamba mtoto hukumbuka yai kuliko tarehe, na kwamba mwalimu kazi yake ni kuliingiza neno katika kumbukumbu. Hoja ya pili ni ya heshima. Wasema kwamba mwalimu ajibuye kila mara "hakuna ajuaye" hupoteza imani ya wanafunzi, na darasa lisilo na imani halifundishiki.

Kwa hoja ya kwanza, jibu tunalo katika mila zetu. Msimulizi wa hadithi wa Kiswahili haanzi kwa ghafula. Huita "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" Au husema: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Tulitafakari tamko hilo. Bibi aliyekaa na wajukuu wake jioni anauita uwongo kwa jina lake, anaukaribisha waziwazi, anaupa kiti, kisha ndipo aanzapo kusema habari za sungura na fisi. Hakuna mjukuu aliyelalamika kwamba utamu umepungua kwa sababu uwongo umetajwa. Bibi yule alikuwa mwaminifu kuliko mwalimu asimuliaye yai na saa kwa uso wa kitabu cha historia. Basi mwalimu atakaye kulitumia yai na alitumie, lakini kwanza apige "Paukwa!"

Kwa hoja ya pili, nadhani watetezi wamechanganya heshima na hofu. Kiswahili kimetupa vitenzi vya kupimia ujuzi wetu kwa daraja. Kuna "imethibitika", kuna "yadhaniwa", kuna "yasemekana", na kuna "husimuliwa". Mwalimu atumiaye vitenzi hivyo kila kimoja mahali pake hasemi "sijui". Asema ajua kiasi gani, na hilo ni ujuzi wa juu zaidi. Mwanafunzi aliyezoea kumsikia akipima hivyo, siku atakapomsikia akisema "imethibitika" ataliamini neno lake bila ya wasiwasi. Kinyume chake, mwalimu asemaye kila kitu kwa sauti moja ya uhakika hutumia sarafu halali na sarafu bandia katika mfuko mmoja. Ikigunduliwa moja kuwa bandia, zote hukataliwa dukani.

Kwa nini jambo hili si dogo

Yamkini msomaji atasema: hata hivyo, ni tenisi tu. Nani aliyepata kuumia kwa kudhani kwamba "love" ni yai? Nakubali, hapana aliyeumia. Lakini tabia ya akili haichagui mahali. Akili iliyozoea kukubali asili ya neno kwa sababu hadithi yake ni tamu, itakubali asili ya mtu kwa sababu hiyo hiyo.

Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake, na ndani yake alitoa nadharia kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa kizazi cha wavamizi waliotoka Ethiopia. Hakuwa na ushahidi zaidi ya kutazama sura za watu na kuzioanisha na hadithi alizokuja nazo. Baadaye nadharia hiyo ilipanuliwa, ikaingia katika vitabu, katika ofisi za watawala wa kikoloni na katika shule. Watu waliosema lugha moja, waliokaa mlima mmoja na kuabudu pamoja, wakaambiwa kwamba wengine ni wenyeji na wengine ni wageni. Hatimaye hadithi ile ya asili ikawa silaha ya maneno ya wachochezi, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu waliuawa katika muda wa siku 100 hivi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba hadithi ya yai huzaa mauaji. Kusema hivyo kungekuwa kuikosea heshima misiba ya watu. Maafa yale yalikuwa na sababu nyingi, na walioyatenda watabaki na dhambi yao. Nasema tu kwamba nadharia ya Speke ilipita mlango ule ule ambao yai hupita. Ilikuwa na mpangilio mzuri, ilijaza pengo, ilitoka kinywani mwa mtu aliyeheshimiwa, na vizazi vya wanafunzi havikufundishwa kuuliza: "Ushahidi wake ni upi?" Mtoto aliyezoezwa kuuliza swali hilo juu ya jambo dogo lisilo na hatari, kama saa na tenisi, ataweza kuliuliza siku atakapoletewa hadithi yenye panga nyuma yake. Mahali pa kufanyia mazoezi ni uwanjani. Vitani hapana nafasi ya mazoezi.

Asili si maana

Lipo swali moja limebaki. Wahenga wamesema, "Mwacha asili ni mtumwa." Je, methali hii haitulazimishi kulitii neno kwa asili yake? Je, tukisha kujua kwamba "love" kwenye tenisi latokana na mapenzi, si kweli kwamba maana yake halisi ni mapenzi?

Nadhani methali hiyo yasema juu ya watu, si juu ya maneno. Mtu huwa na deni kwa waliomzaa. Neno lina deni kwa wanaolitumia. Tuchukue neno "shule". Tumelipata kutoka Kijerumani. Wajerumani walilipata kwa njia ya Kilatini kutoka Kiyunani. Na huko Uyunani maana yake ya kwanza ilikuwa faragha, wakati wa mtu asiye na kazi. Mwalimu mwenye daftari 60 za kusahihisha usiku na aambiwe kwamba yuko faraghani, tumsikie atakavyojibu! Tuchukue "sifuri". Kiarabu kilisema "ṣifr", yaani tupu. Neno hilo lilipita Italia likawa "zero", likapita Ufaransa likawa jina la tarakimu yo yote, hata zile zisizo tupu. Mzizi ni mmoja, maana zimeachana njiani, na hakuna hata moja iliyo ya uwongo.

Kwa hiyo asili ya neno ni habari ya jana, nayo huamuliwa kwa ushahidi. Maana ya neno ni mapatano ya leo, nayo huamuliwa kwa matumizi. Mwenye kuzichanganya hizi mbili hukosea pande zote: hubuni asili ili aipambe maana, au huifunga maana katika gereza la asili. Mfasiri atakayetangaza redioni kwamba fulani anaongoza "kumi na tano kwa mapenzi" atakuwa amejua asili na kupoteza maana. Msikilizaji wetu ataelewa akiambiwa "kumi na tano kwa sifuri", au kama tusemavyo katika kandanda, "kumi na tano bila".

Tena, tusidhani kwamba Waingereza peke yao ndio waliolipa neno zuri jambo tupu. Waandishi wa michezo wa Tanzania wakieleza mechi iliyokwisha bila ya bao upande wo wote, huiita "suluhu", na neno "sare" huliacha kwa mechi ambayo timu zimefungana sawa. Suluhu ni neno la mapatano, la watu waliogombana wakapatana. Kwa nini sifuri mbili ziitwe suluhu? Mtu anaweza kuwaza mambo mengi mazuri juu yake, na hana kosa kuwaza. Kosa litaanza pale atakaposema kwamba mawazo yake ndiyo historia.

Mapatano

Tukisha kuiacha asili mahali pake, ndipo tuonapo jambo ambalo hesabu ya tenisi yaweza kutufundisha pasipo kubuni lo lote. Hesabu ile haikupata kuwa na sababu iliyo wazi, na bado imedumu. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield alipouza tenisi ya majani Uingereza, kanuni zake zilihesabu pointi moja moja hadi 15. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalipofanywa mwaka 1877, waandalizi waliurudia mtindo wa kale wa Kifaransa. Mwaka 1970 mashindano ya wazi ya Marekani yalikubali gemu ya kuamulia seti iliyobuniwa na James Van Alen, ambayo ndani yake pointi huhesabiwa moja, mbili, tatu. Leo namna zote mbili huishi katika mechi moja, na hapana achanganyikiwaye.

Mwaka 2010 huko Wimbledon, Mmarekani John Isner na Mfaransa Nicolas Mahut walicheza mechi iliyochukua saa 11 na dakika 5, ikagawanyika katika siku 3. Seti ya mwisho ilikwisha kwa gemu 70 kwa 68. Pointi zote zilipojumlishwa, Mahut alikuwa amepata 502 na Isner 478. Aliyepata pointi nyingi zaidi ndiye aliyeshindwa. Kwa hesabu ya dukani huo ni wizi mtupu. Lakini Mahut hakuwa na dai, maana wote wawili waliingia uwanjani wakijua kwamba hawahesabu pointi tu, bali wahesabu pointi kwa utaratibu waliokubaliana. Haki ya matokeo yale haikutoka katika asili ya 15 wala katika ukweli wa 40. Ilitoka katika ahadi.

Lugha nayo ni ahadi ya namna hiyo. Tunaposema "shule", "sifuri" au "suluhu", twaaminiana kwamba mwenzetu atalichukua neno kwa maana ile ile tuliyompa. Mwalimu ndiye mwamuzi aliyekalia kiti kirefu kando ya wavu. Wachezaji humwamini atajapo hesabu hata wasipoona mpira ulipoangukia. Akitaja mpira uliotoka kuwa umeingia, kwa sababu tu pigo lilikuwa zuri na watazamaji wameshangilia, ataivunja ahadi ambayo mchezo mzima wasimama juu yake.

Kwa hiyo, ndugu walimu, nashauri hivi. Mwanafunzi akituuliza neno limetoka wapi, tulitafute kwa bidii, maana kuuliza si ujinga na kutafuta si aibu. Tukilipata, tumwambie na ushahidi wake. Tukikuta mabishano, tumpe pande zote mbili. Tukiwa na hadithi tamu tu, tumkaribishe kwa "Paukwa!" na tucheke pamoja naye. Na ikiwa mfuko wetu hauna kitu kabisa, tuseme kwamba tuna sifuri. Kuanza kwa sifuri si aibu katika tenisi: kila mchezaji, hata bingwa, huanza gemu yake hapo.